Kilo za Heshima

Mimi ni mnene. Nalisema mapema tusije tukasumbuana huko mbele, maana watu wa Mombo wana adabu nyingi ya mdomoni. Watakuita mwenye afya, watakuita mtu wa mwili, lakini neno lenyewe watalizunguka kama shimo la choo. Siku ninayoianzia hadithi hii nilikuwa juu ya kinu, baiskeli ya mazoezi iliyofungwa sakafuni, jasho likinitiririka mpaka kwenye viatu, na kwenye picha ya ukutani mbele yangu kona ya mwisho ya mlima ilikuwa inafunguka.

"Mama Hoza, kanyaga!" walipiga kelele wanawake waliojazana mlangoni. "Usituaibishe!"

Nilikanyaga. Ukutani miti ilipita, ukungu ukapita, lango la hospitali ya juu likatokea, na kengele ya ukumbi ikalia. Saa moja na dakika arobaini. Sanduku la baridi hutunza ubaridi wake saa mbili tu tangu linaposhushwa kwenye treni, kwa hiyo anayeupanda mlima wa ukutani ndani ya saa mbili, mara tatu, hupewa kibali cha kuchukua damu kuipeleka hospitali kwa baiskeli. Hiyo ilikuwa mara yangu ya tatu.

Vigelegele vilipasua paa. Bi Sauda, muuza chapati ambaye kiuno chake na changu ni ndugu, alinikumbatia pamoja na jasho langu lote. Alikuwa ameshajiandikisha yeye na wenzake wanne, wote wa saizi yetu, waanze mazoezi Jumatatu. Kabla yangu ukumbi ule ulikuwa wa vijana wembamba tu, miguu kama mabua. Hakuna mwanamke wa mwili aliyewahi kuthubutu hata kuchungulia.

"Wewe," alisema Mngoya, akinipa kitambaa nijifute. Mngoya ni mchukuzi wa miaka mingi, Mzigua, mtani wangu mimi Msambaa, kwa hiyo ana ruhusa ya kunisema. "Kwenye Kona ya Shemdoe ulikuwa unaimba. Nimekusikia kwa masikio yangu. Mimi pale huwa namwona marehemu babu ananiita."

"Babu yako anakuita umbebe. Wazigua hampendi kutembea."

"Cheka. Lakini utakosa kona, shauri yako."

Hilo lilinichoma kidogo. Karibu kila kona ya mlima ina jina la mchukuzi aliyeishiwa pumzi hapo siku ya safari yake ya kwanza ya kweli, yenye sanduku. Anaposhuka kwenye baiskeli na kukaa chini, msimamizi hutazama bondeni na kulipaza jina lake, na kuanzia hapo kona ni yake. Shemdoe alikwisha kufa, lakini watu bado wanapumzikia kwake. Mtu aliyepita kona zote bila kukaa hupongezwa sana, halafu anasahaulika.

Msimamizi wa ukumbi alikuwa Mzee Shemhilu, baba mkwe wangu. Alikuja na beji ya shaba, akaiweka juu ya meza badala ya kunipa mkononi, akarudi nyuma hatua mbili ndipo nami nikaichukua. Katika miaka tisa ya ndoa yangu hajawahi kunitazama usoni wala kulitamka jina langu. Si kwamba hanipendi. Mke wa mwanao humtazami, humtaji jina, na mwili wake hauuoni hata ukikuzibia mlango. Ndivyo alivyolelewa.

"Mama Hoza amefika," aliuambia ukuta, na sauti yake ilikuwa na furaha ambayo sikuwahi kuisikia.

*

Jumamosi nilikwenda kuusalimia mlima wenyewe. Asiye na beji haruhusiwi kuikanyaga njia ile. Mlima ulikwisha kuimeza barabara ya lami, na hii iliyochongwa badala yake ni nyembamba, udongo wake mwepesi kukasirika, na mtetemo wa injini yoyote unauamsha. Ndege zisizo na rubani zilijaribiwa zikapotelea kwenye ukungu, mpaka leo watoto wanaokota mabawa yake msituni. Betri za baiskeli nazo zote zimeingia kwenye majokofu ya hospitali. Ikabaki miguu.

Nilijifunga kanga kiunoni juu ya suruali, nikapanda. Kona ya kwanza niliipita, nikashangaa kidogo ilivyo ngumu. Ya pili niliipita huku nimesimama juu ya pedali. Kwenye kinu, kona ya tatu huwa naipita nikifikiria mboga ya jioni. Pale, kona ya tatu ilinishika miguu yote miwili ikanirudisha nyuma, nikajikuta nimekaa kwenye majani, mdomo wazi, moyo unagonga mpaka kwenye meno.

Nikasema ni malaria. Nikasema ni ule wali wa jana. Nilipopata pumzi niligeuza baiskeli nishuke, na hapo ndipo nilipoogopa kweli. Nilibana breki, baiskeli ikapunguza mwendo kwa uvivu, nikabana kwa nguvu zote, na chini nilifika na harufu ya mpira unaoungua. Niligusa chuma cha gurudumu nikaurudisha mkono upesi.

Breki zile nilipewa ukumbini. Kila mchukuzi hupewa breki kufuatana na uzito ambao kinu kinaujua. Niliisukuma baiskeli mpaka ukumbini kwa miguu, sikuthubutu kuipanda tena.

*

Mchana ule ukumbi ulikuwa mtupu. Kinu chenyewe si kitu cha ajabu ukikielewa. Ni gurudumu zito la chuma linalozunguka katikati ya sumaku. Kompyuta inaujua mwinuko wa kila hatua ya njia. Inaangalia uzito wa mpandaji, inapiga hesabu, kisha inaziambia sumaku zibane kiasi gani. Kadiri unavyoweza kulizungusha gurudumu, ndivyo picha ya ukutani inavyosogea. Mlima ule ule humbana mnene kuliko mwembamba, kama ilivyo huko nje, ila lazima kompyuta iambiwe ukweli, kwa sababu yenyewe haina macho wala mizani. Uzito huandikwa na msimamizi.

Panapoandikwa uzito pana kidirisha, na kidirisha kile Mzee Shemhilu alikifunika kwa kipande cha kanga tangu siku yangu ya kwanza. "Uzito wa mtu ni siri yake," alisema siku ile, na mimi nilimshukuru moyoni. Sasa nilikifunua.

Tisini na tano.

Kliniki walinipima mwezi uliopita. Nina kilo mia moja na ishirini na moja. Chini ya ile tisini na tano palikuwa na maandishi madogo: hapo ndipo mwisho wa kuiga mlima, zaidi ya hapo sumaku hazitoshi. Niliandika uzito wangu wa kweli. Juu kabisa ya ukuta, mahali ambapo ukumbi mzima ungeona, ikawaka taa nyekundu kubwa kama sinia, na kinu kikagoma kuzunguka.

Nikaizima haraka, nikakaa juu ya sakafu. Nilielewa kila kitu. Baba mkwe aliiona taa ile inakuja. Aliwaona watu wamejaa mlangoni wamekuja kumtazama mwanamke mnene, akaona nitakavyosimama chini ya mwanga mwekundu huku watoto wakinicheka, akanipunguzia kilo ishirini na sita kwa heshima. Nilimkasirikia. Kisha nikampenda kuliko nilivyowahi kumpenda, halafu nikamkasirikia tena.

Jumatatu nilitakiwa kuchukua damu. Ningeondoka na sanduku la saa mbili kwa miguu ambayo haijui itafika saa ngapi, na huko juu kuna mama amejifungua anavuja, muuguzi anachungulia dirishani. Kurudi ningeshuka kwa breki za mtu mwingine. Nikinyamaza, hayo. Nikisema, beji inaondoka, Bi Sauda na wenzake wanarudi kwenye chapati zao, na Mzee Shemhilu, aliyeulinda ukumbi ule kwa nusu ya umri wake, anaitwa mwongo mbele ya watu.

Nilifikiria uongo mwingi siku ile. Mzuri kuliko wote ulikuwa kusema nina mimba. Lakini mficha maradhi, kifo humuumbua, na kifo hiki kisingekuwa changu peke yangu.

Shida ilikuwa moja tu, nayo watu wa kwingine hawawezi kuielewa. Ningeanzaje? Mama mkwe angekuwa hai ningempitishia yeye, naye angelipeleka neno chumbani polepole. Mume wangu yuko Korogwe kwenye mitambo ya mkonge, na yeye mbele ya baba yake ni muoga kuliko mimi. Kumwambia mkwe wangu kilo zangu kwa mdomo wangu ilikuwa sawa na kumvulia nguo. Angeinuka atoke, nami nisingekuwa na uso wa kurudi.

*

Jumapili asubuhi nilitangulia ukumbini. Nyuma, kwenye mlango wa stoo, kuna mizani ya mizigo, ile ya bapa la chuma yenye mkono mrefu na jiwe la kusogezwa. Kila kinachokwenda mlimani hupimwa hapo. Nilivua viatu, nikapanda juu ya bapa, nikakaa, nikajifunika turubai gubigubi. Lilikuwa linanuka vitunguu. Nikangoja.

Nilisikia ufunguo, kisha kikohozi chake, kisha viatu vyake vinakaribia na kusimama.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba," alisema. "Nani huyo?"

"Hakuna mtu, baba. Kuna mzigo tu juu ya mizani. Kesho unakwenda mlimani. Naomba uupime."

Viatu vyake viliizunguka mizani mara moja. "Mzigo wa nini?" aliuliza.

"Mzigo wa kawaida. Umefunikwa."

Nikasikia anavuta kiti. Nikasikia jiwe la mizani linasogezwa kwenye mkono wake, linasogezwa, linarudishwa kidogo, linasogezwa tena. Mzee Shemhilu hajawahi kupima mzigo kwa kubahatisha.

"Mzigo una kilo mia moja na ishirini na moja," alisema taratibu.

"Na breki ambazo mzigo huu umepewa ni za kilo ngapi, baba?"

"Tisini na tano."

"Mzigo ulijaribu kupanda jana. Uliishia kona ya tatu. Kushuka, breki zilinuka moto."

Kiti kililia. Aliketi kwa kishindo.

"Niliiona taa kabla haijawaka," alisema. "Ukumbi umejaa watu, na taa nyekundu juu ya kichwa cha mke wa mwanangu. Nikasema, kilo chache tu, zitamdhuru nani? Halafu ukapanda vizuri. Mara ya kwanza, mara ya pili. Nikasahau kwamba nilipunguza. Wallahi, nilianza kuamini mwenyewe."

"Najua, baba. Hata mimi niliamini."

"Ningekuua," alisema. "Ningekuua kwa adabu."

Nililia humo ndani ya turubai, na nilifurahi kwamba hanioni. Yeye alipenga kamasi mara mbili, akasingizia vumbi.

"Na hao kina Sauda?" nilimuuliza. "Nao utawapunguzia?"

"Nilishaandaa vitambaa vya kanga," alisema kwa aibu, na mimi nikacheka huku nalia. "Toka humo, utakosa hewa. Nimegeuka."

Nilipotoka alikuwa ameelekea ukutani. Niliiacha beji juu ya turubai.

*

Jumatatu damu ilichukuliwa na Mngoya. Alipoondoka, Mzee Shemhilu aliita kamati ya wachukuzi na wanawake wote ukumbini, akasema mwenyewe, amesimama, kofia mkononi. Hakunitaja. Alisema msimamizi alimwandikia mpandaji uzito usio wake, kwa kumwonea haya, na msimamizi huyo ni yeye. Kisha akakifunua kidirisha mbele ya watu wote.

"Mzigo umeruhusu?" aliuuliza ukuta.

"Umeruhusu, baba."

Akaandika. Taa ikawaka, ukumbi wote ukawa mwekundu, na mimi katikati yake. Niliogopa kwamba ningetaka ardhi inimeze. Badala yake nilihisi joto tu la kawaida, na nilimwona mtoto mmoja ananitazama bila kucheka.

Bi Sauda ndiye aliyeuliza. "Kwa hiyo hiyo taa inasema sisi hatufai?"

"Hapana," alisema Mzee Shemhilu. "Taa inasema kinu hakifai. Nguvu zake zinaishia tisini na tano. Nyinyi mnaendelea."

"Basi sisi tutapimwa na nini?"

Hapo kamati ikatazamana. Hakuna aliyewahi kuuliza, kwa sababu hakuna aliyewahi kuzidi. Mwisho mwenyekiti akasema hakuna kitu cha kuuiga mlima kwa watu wale ila mlima wenyewe. Nijaribiwe huko, sanduku likiwa na barafu na mifuko ya maji badala ya damu, kwa breki nzito za mkokoteni. Halafu akapokea funguo za Mzee Shemhilu. Zilikuwa nyingi na mzee alichelewa kuzitoa kwenye pete. Akaambiwa amalizie juma akiwa bado msimamizi, mpaka mrithi wake apatikane.

*

Tulipanda Alhamisi, asubuhi yenye ukungu. Mkwe hawezi kupanda nyuma ya mke wa mwanawe, macho atayaweka wapi? Kwa hiyo Mzee Shemhilu alitangulia, anaisukuma baiskeli yake ya zamani, daima kona moja mbele yangu. Akifika kwenye kona anapiga kengele. Nikiisikia najua kona ipo, haijaondoka. Mngoya alikuja nyuma na maneno yake.

Kona ya tatu niliipita kwa kuitukana. Nilikuwa nimejifunza: gia ndogo, pumzi ndefu, usiwe na haraka ya kuonekana. Mwili huu ambao sumaku zilishindwa kuubana ndio huo huo uliosukuma pedali, kilo kwa kilo, na kuna mahali kwenye tambarare fupi nilimwacha Mngoya mpaka akaomba radhi kwa Wasambaa wote.

Kwenye Kona ya Shemdoe sikuimba. Nilimwona babu yake Mngoya.

"Amesemaje?" aliuliza Mngoya, naye anahema.

"Amesema... anakudai... salamu," nilijibu, na ikanigharimu pumzi tatu.

Niliivuka. Kona inayofuata haikuwa na jina, kwa sababu kila aliyeivuka ya Shemdoe alijiona ameshapona, akajikaza mpaka juu. Mimi nilisikia kengele ya baba inalia kwenye kona hiyo, nikaifuata, nikaifikia, na hapo miguu ikasema basi. Nilishuka. Nilikaa kwenye jiwe chini ya maji yanayodondoka, uso juu ya magoti. Lango la hospitali halikuonekana hata kwa mbali. Nilijua nimeshindwa na niliumia, nisiseme uongo.

Mngoya alilifungua sanduku, akatazama kipimo. "Barafu nzima," alisema. Akatazama saa yake. "Tumetumia saa moja na nusu. Kutoka hapa mimi ni dakika ishirini na tano." Akakuna kichwa. "Mama Hoza, unajua ni nini kinachotuua sisi? Ni huku chini, sio huko juu. Tukifika hapa tumeshakwisha. Wewe ukiniletea mpaka hapa, na mimi nikiwa nimengoja nimelala kwenye majani..."

Hakumalizia, kwa sababu Mzee Shemhilu alikuwa anashuka kuturudia, macho kwenye bonde. Alisikia. Alitikisa kichwa kukubali. Kisha wote watatu tukakumbuka jambo lile lile.

Nimekaa chini, kwenye kona isiyo na jina, safari yangu ya kwanza ya kweli. Msimamizi yupo, na ni msimamizi mpaka mwisho wa juma. Kona haiitwi Mama Fulani. Kona huitwa jina la mtu alilopewa na wazazi wake.

"Baba," nilisema, "si lazima. Mngoya anaweza kuita."

Mzee Shemhilu alivua kofia. Aliigeuzageuza mikononi kama mtu anayetafuta mahali ilipotoboka. Akageuza uso bondeni.

"Kona ya Mwantumu," alisema.

Sauti ilitoka ndogo, imepauka. Mngoya akakohoa. "Mzee, samahani. Wanaongoja huko chini hawajasikia."

Baba mkwe wangu akavuta pumzi mpaka mabega yakapanda. Kisha akageuka. Akanitazama usoni, mara yake ya kwanza, na niliona kumbe macho yake ni ya mume wangu kabisa.

"Kona ya Mwantumu!" aliita, kwa sauti ya mtu anayemwita mwanawe arudi nyumbani.

Chini kabisa kwenye ukungu vikajibu vigelegele, na cha Bi Sauda kilikuwa juu ya vyote. Nililia waziwazi, bila turubai. Mngoya akanipokonya sanduku, akalifunga kwenye baiskeli yake, akaniambia nilie vizuri kwa nafasi yangu kwani kona ni yangu, ila yeye barafu haimsubiri.